Maji yapo, lakini mmea umenyauka: kutafuta kosa kwenye utando wa seli

Nilisafiri na vifaranga 200 wa perege kutoka Kigoma mjini hadi kwa shemeji yangu, Kasulu, aliyekuwa amemaliza kuchimba bwawa lake la kwanza. Walikuwa kwenye mifuko miwili ya nailoni iliyojazwa oksijeni na kufungwa kwa mpira. Pamoja na kusubiri gari lijae, safari ilichukua saa nne. Tulifika wote wazima, samaki na mimi. Tukafungua mifuko, tukaiegemeza chini ya mwembe ili vifaranga "wapate hewa", tukaingia ndani kunywa chai. Tuliporudi, zaidi ya nusu walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Shemeji, hawa wamekosa hewa njiani," alisema.

Nikaitikia kwa aibu, maana anayefundisha biolojia sekondari ni mimi, na aliyesema mifuko ifunguliwe ni mimi. Usiku hesabu ikakataa. Kama ni kukosa hewa, wangekufa ndani ya mfuko uliofungwa saa nne. Hawa walikufa baada ya kupewa hewa yote ya Kasulu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama kitu kipo. Watu huniletea mchicha uliolala, asali iliyotoa povu, samaki wanaohema juu ya maji, na wote huanza na neno moja: maji yapo, mbolea ipo, hewa ipo. Sawa, kipo. Je, kinapita?

Maswali matatu kabla ya kumlaumu mtu

Kila seli, iwe ya mzizi wa mnyanya au ya shavu la samaki, imefunikwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili. Unene wake ni kama nanomita 7, yaani ukibandika tando 10,000 moja juu ya nyingine unapata kama unene wa karatasi moja ya daftari. Mafuta hayo ndiyo yanayoamua nani apite. Gesi ndogo zisizo na chaji, kama oksijeni, kabonidayoksaidi na amonia, hujipenyeza zenyewe. Maji nayo hupenya, lakini polepole. Kasi wanayoihitaji viumbe hutokana na vijitundu vya protini ambavyo vilimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Sukari na chumvi hazipiti kwenye mafuta. Zinahitaji mlango wa protini, na mara nyingine mlango huo unakula nishati kama pampu.

Kwa hiyo ukikuta tatizo, uliza hivi. Kwanza, upande upi una kingi zaidi? Kitu kinachosambaa chenyewe hutoka penye kingi kwenda penye kichache (hiyo ndiyo difyusheni), na maji huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi, yaani osmosisi. Pili, kuna njia ya kukipitisha? Tatu, utando wenyewe bado uko hai?

Swali la tatu unaweza kulijibu jikoni. Chukua majani mabichi ya mchicha mwekundu, yasuuze, kisha yatumbukize kwenye maji baridi: rangi inabaki ndani ya jani. Yatie kwenye maji ya moto: maji yanageuka mekundu papo hapo, kwa kuwa joto limebomoa tando zilizokuwa zinaishikilia rangi. Rozela iliyokaushwa hutoa rangi hata kwenye maji baridi kwa sababu hiyohiyo; jua lilishamaliza kazi kabla haijafika dukani. Mchicha ulionyauka sokoni unaweza kufufuka ukiuloweka. Ulioungua hauwezi, hata uuloweke wiki nzima.

Samaki wamefika hai, wamekufa baada ya mfuko kufunguliwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliposomea kwa hasara.

Samaki hutoa sehemu kubwa ya uchafu wake wa naitrojeni kwa njia ya matamvua, yale tunayoyaita mashavu, ukiwa ni amonia. Kwenye mfuko uliofungwa amonia hiyo inajikusanya. Wakati huohuo kabonidayoksaidi wanayoitoa inajikusanya pia, na ikiyeyuka kwenye maji huyatia ukali, yaani pH inashuka (pH ni kipimo cha ukali: ikiwa ndogo, ukali ni mwingi). Ukali huo, ingawa si mzuri kwao, unawakinga na kifo kingine: kwenye maji yenye pH ya chini, karibu amonia yote hushika chembe moja ya haidrojeni na kugeuka amoniamu yenye chaji. Chenye chaji hakipenyi mafuta kirahisi. Sumu iko mlangoni, haingii.

Sasa fungua mfuko. Kabonidayoksaidi inatoka kama gesi ya soda, pH inapanda, na amoniamu inaiachia ile haidrojeni. Maji yakiwa nyuzi 25, kwenye pH 7 hata sehemu moja kati ya 100 haiko katika hali ya amonia tupu. Kwenye pH 8 zinafika kama 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya 30. Amonia tupu haina chaji, haihitaji mlango. Inapenya matamvua na kuingia kwenye damu wakati wewe unakoroga sukari kwenye chai. Na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Mtu anayemimina maji ya ziwa kidogokidogo kwenye mfuko uliofunguliwa, akidhani anawazoesha samaki, anawapandishia pH huku wamekaa kwenye uchafu wao.

Kabla hujaikubali sababu hii, angalia wakati wa kifo.

Wamekufa mfuko ukiwa bado umefungwa na umelegea? Hapo shemeji yangu angekuwa sahihi: oksijeni iliisha, au ulijaza samaki wengi mno. Wamekufa mfuko ukiwa bado umevimba vizuri? Oksijeni ilikuwepo. Mshukiwa ni kabonidayoksaidi: gesi hiyo hutoka kwenye damu endapo nje ipo kidogo, na maji yakishajaa inabaki mwilini, inaitia damu ukali, na himoglobini inashindwa kubeba oksijeni sawasawa. Samaki anakosa hewa katikati ya hewa. Wamekufa dakika chache baada ya kufungua? Amonia. Kama maji ya bwawa yalikuwa na joto tofauti sana na ya mfuko na ukawamwaga ghafla, hilo nalo linaua, kwa hiyo usilisahau. Wamekufa kesho yake au keshokutwa, magamba yametoka, wana utando mweupe kama pamba? Waliumizwa wakati wa kuvuliwa na kuhesabiwa. Damu ya samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi kama ya bahari, ina chumvi nyingi kuliko maji anamoogelea, kwa hiyo maji humwingia siku zote na yeye huyatoa kwa mkojo mwingi. Ukimchubua ngozi na ute wake, maji yanaingia kwa kasi kuliko anavyoweza kuyatoa, na chumvi inamtoka.

Tiba ya yote haya huanza siku moja au mbili kabla ya safari: usiwalishe. Tumbo tupu, amonia kidogo. Theluthi ya mfuko iwe maji, theluthi mbili oksijeni. Safiri alfajiri au usiku, kwa sababu joto huwafanya wapumue zaidi huku likipunguza oksijeni inayoweza kuyeyuka. Chumvi gramu 3 hadi 5 kwa lita huwapumzisha perege, kwa kuwa inapunguza tofauti kati ya damu na maji. Sisi tunatumia ya Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Ukifika, weka mfuko bwawani ukiwa umefungwa, uelee dakika 15 hadi 20 mpaka joto lilingane. Ukishaufungua, usiende popote. Wachote kwa wavu, waingize bwawani, maji ya mfuko yamwage shambani.

Safari ya pili tulipoteza wanne. Chai tulikunywa baadaye.

Samaki wanahema juu alfajiri, saa sita mchana wako sawa

Maji ya bwawa ni ya kijani iliyokolea? Basi ni mwani. Mchana unatengeneza oksijeni, usiku unaila pamoja na samaki. Lita moja ya maji ya vuguvugu haishiki zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni, ilhali lita ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya hizo, kwa hiyo hakuna akiba ya kuchezea. Acha kulisha, acha kutia samadi, ingiza maji mapya yakiruka kutoka juu. Na anayemwaga mafuta ya taa kwenye bwawa ili kuua viluwiluwi vya mbu, ajue ameweka blanketi juu ya samaki pia.

Mchicha umemwagiliwa asubuhi na jioni, bado umelala

Mama mmoja jirani yangu, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma mjini, analima mchicha na nyanya kwenye viroba. Aliniita uani.

"Mwalimu, njoo uone. Maji nawapa kama watoto, ndiyo kwanza wanazidi kulala."

"Shikamoo mama. Umewawekea nini?"

"Marahaba. Urea kidogo tu. Na majivu, kwa ajili ya wadudu."

Kabla hujachimba chochote, amka uiangalie miche saa kumi na mbili asubuhi. Iliyosimama alfajiri na kulala saa nane mchana haina ugonjwa. Majani yanapoteza maji kwa jua kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta, na jioni yatasimama. Iliyolala hata alfajiri ndiyo yenye kesi. Ya mama ilikuwa imelala, na kingo za majani zilikuwa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni.

"Kidogo tu" ilikuwa ngumi moja kwa kiroba. Mbolea ikiyeyuka, maji ya udongo yanakuwa mazito kuliko maji ya ndani ya seli za mzizi, na maji hufuata uzito. Badala ya kuingia, yanatoka. Ukimwagilia kikombe kimoja kila jioni huupunguzi uzito huo, unaulowesha tu. Ni kitu kilekile kinachotokea kwenye kachumbari: ukitia chumvi mapema, bakuli linajaa maji ambayo hakuna aliyeyamimina, nyanya na matango yamelegea.

Majivu yaliongeza dhambi ya pili, na hapo nikawakumbuka vifaranga wangu. Urea kwenye udongo hugeuka amoniamu. Majivu hupandisha pH. Amoniamu kwenye pH ya juu hugeuka amonia, gesi inayopenya utando wa mzizi bila kubisha hodi. Inayobaki inapaa hewani, na pesa ya mbolea inapaa nayo. Majivu na mbolea za namna hiyo zisikutane. Wape wiki kadhaa kati yao.

Tulichofanya: tulitoboa matundu zaidi chini ya viroba, tukamimina maji mengi mara tatu mfululizo, tukiyaacha yachuruzike yote kila mara. Mchicha ambao majani yake yalikuwa yamelegea tu ulisimama kesho yake. Uliokuwa na kingo kavu ulibaki hivyo. Zile seli zilishakufa. Nilimshauri atie urea nusu kijiko cha chai kwa kiroba, mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Mahindi yananyauka yakiwa yamesimama kwenye maji

Wanaolima bonde la Luiche, nyuma ya Ujiji, wanaijua picha hii baada ya mvua kubwa. Maji hadi kwenye kifundo cha mguu, na mahindi yamekunja majani kama ya kiangazi.

Oksijeni husambaa kwenye maji polepole mara kama 10,000 kuliko kwenye hewa. Udongo uliojaa maji ni mzizi uliozibwa pua. Mzizi bila oksijeni hauna nishati, pampu za chumvi zinasimama, na vile vitundu vya maji kwenye utando navyo hujifunga. Mpunga wa jirani yake unacheka kwa sababu una mirija ya hewa inayoshuka kutoka majani hadi mizizi. Chimba mfereji siku hiyohiyo. Mahindi yakizama zaidi ya siku mbili tatu, hasa yakiwa machanga, usitegemee mengi. Usiongeze mbolea hata kidogo mpaka udongo upumue.

Asali imetoa povu

Hii huja kwenye madumu kutoka Tabora, na mnunuzi husema amechanganyiwa maji. Inawezekana. Lakini asali inaweza kujichanganyia yenyewe. Asali iliyoiva ina maji kama asilimia 17 au 18, na sukari iliyobaki ni nyingi kiasi kwamba kijidudu kikitumbukia, maji yake ya ndani yanavutwa nje kupitia utando wake. Hapati hata nafasi ya kuzaana. Maji yakizidi asilimia 20 hivi, hamira za porini zinapata nafuu na kuanza kuchachua. Sababu ni ama masega yalikamuliwa nyuki hawajayaziba kwa nta, ama dumu lilikaa wazi masika na asali ikavuta unyevu wa hewa. Iliyochacha hairudi ilivyokuwa. Vuna masega yaliyozibwa, funga dumu mpaka ligome. Kuganda kama samli si kuchacha wala si dalili ya udanganyifu, ni sukari imejipanga tu. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ikiwa safi, kwa kuwa mbegu za baadhi ya bakteria hulala humo bila kufa.

Mtoto anaharisha, anakunywa, na bado anakauka

Mkoa wetu unaukumbuka mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipowakumba wakimbizi kutoka Burundi waliorundikana Kagunga, kwenye ufukwe wa ziwa. Sumu ya kipindupindu haili utumbo. Inaacha wazi milango ya kloraidi kwenye tando za seli za utumbo: kloraidi inamwagika nje, sodiamu inaifuata, maji yanafuata vyote viwili. Mgonjwa anaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku.

Ukimpa maji matupu, hayana cha kuyavuta yarudi ndani. Lakini kuna mlango mwingine ambao sumu haiugusi: ule unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa zimeshikana mikono. Moja bila nyingine haipiti. Zikiingia pamoja, maji yanazifuata. Hiyo ndiyo siri yote ya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari anaopewa anayeharisha.

Anayekunywa ORS na bado anakauka, kagua mchanganyiko. Pakiti ya lita moja imeyeyushwa kwenye kikombe? Ni nzito mno, na chumvi iliyozidi ni hatari kwa mtoto. Umeongeza sukari ili aipende, au umempa soda? Sukari nyingi ikibaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunaongezeka. Anatapika? Subiri dakika 10, kisha mpe kwa kijiko, kidogokidogo. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au kinyesi kikiwa na damu, hapo si kazi ya jikoni tena, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Wote chumbani wanaumwa kichwa, hakuna mwenye homa

Jiko la mkaa limelala ndani? Wapeleke wote nje sasa hivi, maelezo baadaye, na kutoka hapo hospitali. Kaboni monoksaidi hupenya tando za mapafu kama oksijeni, na ikifika kwenye himoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Mwambie daktari habari ya jiko.

Umeuliza yote matatu na jibu halipo

Nyanya moja ya yule mama wa Mwanga iligoma. Udongo tuliusafisha, hautuamishi maji, majani bado ya kijani, lakini ilikuwa imelala tangu alfajiri, peke yake katikati ya wenzake waliosimama. Nilikata shina karibu na udongo, nikaliweka wima kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye jeraha. Huo ni mnyauko wa bakteria: seli zinataka maji, tando ni nzima, bomba ndilo lililoziba. Aliing'oa na udongo wake, akaichoma, akakiweka kiroba kile kando. Pale hapandi nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, na kisu tulikichemsha kabla hakijagusa shina lingine.